Shajara ya mradi: Tangi Namba Nne

Hii ni kumbukumbu ya kazi ya riwaya fupi ya upelelezi, ile ya upole: damu haionekani, maiti ni moja, mpelelezi si polisi, na msomaji apewe kila kidokezo kabla mpelelezi hajafungua mdomo. Mahali ni kiwanda kidogo cha mvinyo katika mji wa kubuni, Chisima, upande wa Hombolo mkoani Dodoma. Humu muuaji anatajwa, na namna alivyoua. Anayesubiri kitabu aishie hapa.

Januari: msimu

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Mvuno wa kwanza unaangukia Februari na Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha. Wa pili Agosti na Septemba, kiangazi kikavu. Kwa hiyo swali la kwanza la mradi halikuwa nani kafa, bali kafa mvuno upi.

Mtengeneza mvinyo yeyote angechagua Agosti. Sukari inapanda, ukungu haushiki mashada, na lori halikwami. Kwa riwaya, barabara kavu ni balaa: polisi wanafika kabla chai haijapoa, na mpelelezi wetu anabaki hana kazi. Tumechukua Machi. Kasoro yake ni kwamba makorongo ya Dodoma hujaa kwa kishindo na kukauka upesi. Mvua ikikatika jioni, kesho yake mchana pikipiki zinapita kwenye mchanga. Korongo peke yake halifungi mji kwa siku mbili. Suluhisho ni kalavati. Maji yakibeba kalavati, gari haliingii wala halitoki mpaka halmashauri ilete greda, na hapo hakuna msomaji wa Dodoma atakayebisha.

Machi imetubadilishia namba pia. Zabibu zilizonyeshewa hubeba maji, kwa hiyo juisi ya tangi namba nne tumeianzishia brixi (kipimo cha sukari) 19 na kidogo, yaani 1080 kwenye haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa juisi ambacho namba yake hushuka sukari ikiliwa, badala ya 22 au zaidi ambayo tungeiweka Agosti. Ni takriban gramu 185 za sukari kwa lita, na kwa kanuni ya gramu 17 kwa kila asilimia moja ya kilevi, mvinyo utaishia kwenye asilimia 11 hivi. Aina ya zabibu ni Makutupora nyekundu. Chenin Blanc imeachwa kwa sababu ya kifundi: mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza, juisi ikachachuka bila maganda, na bila maganda ndani ya tangi hakuna sababu ya mtu kuingia humo na koleo.

Januari mwishoni: watu

Mpelelezi ni Mama Nyemo, karani wa mizani wa Amcos, chama cha ushirika cha wakulima. Kibanda chake kimepakana na ukuta wa kiwanda. Anajua kilo za kila mkulima wa Chisima na deni la kila mmoja, na ni mshirika wa Umoja wa Mama wa kanisa la Anglikana, kwa hiyo pombe hajaigusa maishani. Hilo tumeliweka makusudi. Kule Dodoma kiwanda cha mvinyo kinaweza kuendeshwa na watu ambao nusu yao hawanywi, na jambo hilo linabeba kisa kizima, kama itakavyoonekana.

Marehemu ni Lazaro, fundi wa matangi. Kibarua wake ni Sele, kijana Mwislamu, mwaminifu, mwoga. Mkemia wa kiwanda ni Tumaini. Mmiliki amerithi kiwanda kwa baba yake na hakipendi. Yupo dereva wa lori, na yupo katibu wa Amcos anayedaiwa na kila mtu. Wanatosha. Mkwe wa mmiliki alikuwamo, ameondolewa: hakuwa na kazi ila kutiliwa shaka.

Februari: sababu ya kuua

Mapenzi na urithi vimekataliwa mapema. Tulitaka sababu ambayo karani wa mizani anaweza kuigundua kwa kalamu.

Ushuru wa bidhaa Tanzania unatofautisha mvinyo ambao zabibu za ndani zimezidi asilimia 75 na ule usiofikia hapo, na tofauti kwa kila lita ni kubwa. Hapo ndipo penye pesa. Kiwanda cha Chisima kinatangaza kwamba chote ni zabibu za Dodoma, kumbe Tumaini na dereva wanaingiza mapipa ya juisi nzito kutoka nje na kuiongeza maji. Pipa la lita 200 la juisi nzito ya brixi 68 likipunguzwa kufikia nguvu ya juisi ya kawaida hutoa zaidi ya lita 800.

Hesabu ya Mama Nyemo iko sura ya tisa, na imeandikwa yote, haikufupishwa. Mizani imepokea tani 40. Tani moja ya zabibu nyekundu hutoa lita 600 hadi 700 za mvinyo. Kwa 650, kiwanda hakiwezi kuwa na zaidi ya lita 26,000. Stempu za kodi zilizobandikwa ni za lita 46,000. Zilizobaki, lita 20,000, hazikupita mizanini. Ni mapipa kama 25. Na 26 kwa 46 ni asilimia 56, si 75. Lazaro aliambiwa achanganye, akakataa, akasema atawaambia wakulima ambao zabibu zao zilikataliwa kwa kisingizio kwamba matangi yamejaa.

Kuna msomaji atakayeuliza kwa nini Mama Nyemo hakuona mapema. Jibu ni kwamba mizani iko Amcos na stempu ziko kiwandani. Hakuna mtu mmoja aliyewahi kushika madaftari yote mawili. Kalavati likikatika ndipo mmiliki anapomwomba aje amsaidie kupanga makaratasi kabla ya polisi.

Februari: silaha

Sumu kwenye chupa imekataliwa. Mvinyo wa kiwanda kidogo huonjwa na watu wengi kutoka bomba moja, na sumu ya dawa za shambani ina harufu na dalili ambazo hata mganga wa zahanati angezitambua. Chupa kichwani ni damu. Kuangukiwa na kreti kunaleta kicheko.

Imebaki gesi. Hamira ikila sukari hutoa kilevi na kabonidioksaidi, karibu nusu kwa nusu kwa uzito. Kwa juisi yetu ya gramu 185, kila lita hutoa takriban lita 50 za gesi mpaka sukari iishe. Tangi lenye lita 1,600 za kimiminika litatoa mita za ujazo 80. Chumba chetu cha matangi ni mita 8 kwa 6 na dari mita 4, jumla mita za ujazo 192. Gesi hiyo haina rangi, ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, na hukaa chini: shimoni, kwenye mfereji wa sakafu, ndani ya tangi. Hewa ikiwa na asilimia 10 ya gesi hiyo, mtu hupoteza fahamu kwa dakika chache. Ikizidi sana, ni pumzi kadhaa tu.

Hili ni jambo linaloua watu kweli katika nchi zote za mvinyo, na mara nyingi huua wawili au watatu, kwa sababu anayemwona mwenzake ameanguka huingia kumtoa. Kwa hiyo tumejiwekea sharti: hakuna mhusika atakayeingia kumwokoa Lazaro akatoka salama. Mama Nyemo anamshika Sele shati mlangoni, anamzuia kwa nguvu. Wanapuliza hewa safi tangini kwa kompresa ya fundi matairi, kisha wanamtoa kwa kamba. Pia mshumaa umekatazwa. Katika rasimu ulikuwamo, wazee wakiuteremsha tangini kupima. Lakini mshumaa unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo mtu ameshaanza kuzidiwa. Sasa mmiliki anautaja na Mama Nyemo anamkatiza.

Tangi lenyewe: chuma cha pua, lita 3,000, mfuniko juu wa sentimita 45, bomba la inchi mbili chini, halina mlango wa pembeni. Mlango wa pembeni ungeua riwaya badala ya Lazaro: makapi, yaani maganda yanayobaki mvinyo ukishamwagwa, yangevutwa nje kwa reki, na gesi ingemwagika sakafuni yenyewe. Viwanda vidogo vingi hununua tangi la bei nafuu, na fundi huingia kwa ngazi.

Machi: hesabu ya usiku mmoja

Hapa ndipo mradi ulipokwama muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Tangi likimwagwa kwa bomba la chini mfuniko ukiwa wazi, hewa safi huingia juu kujaza nafasi. Lita 1,100 zikitoka, lita 1,100 za hewa zimeingia. Sasa gesi ya kuua inatoka wapi asubuhi?

Inatoka kwenye makapi, ikiwa bado yana sukari. Baada ya kumwaga, makapi ya tangi namba nne yamebaki na kama lita 500 za juisi ndani yake. Juisi ikiwa 1040, na makapi yakiwa yamepata hewa, hamira huchangamka. Tukikadiria pointi 8 tu za kushuka usiku kucha, yaani 1040 hadi 1032, ni kama gramu 20 za sukari kwa lita, gesi lita 5 na kitu kwa kila lita. Kwa lita 500 ni zaidi ya 2,600. Nafasi tupu ya tangi juu ya makapi ni lita 2,200. Limejaa.

Kama mvinyo ungekuwa umekwisha kuchachuka, makapi yangetoa gesi kidogo sana kuliko hiyo. (Kidogo, si sifuri: kiwandani tangi la makapi haliingiwi bila feni na bila mtu juu, sukari iwepo isiwepo. Maneno hayo yamewekwa mdomoni mwa Lazaro sura ya pili.) Kwa hiyo mauaji yote ni jambo moja: mtu alimfanya Lazaro aamini kwamba tangi limekwisha wakati halijakwisha, na akaihamisha feni.

Pingamizi la mtu wa fani: wako watengenezaji wanaomwaga mapema makusudi, kwa 1010 au hata 1020, wapate mvinyo laini. Basi ubao wa kiwanda una sheria ya baba mwenye kiwanda, kwa chaki: "Nyekundu haimwagwi juu ya 1000." Inasomwa sura ya kwanza na mtoto wa shule aliyekuja kutembelea, anayeisoma kwa sauti kama watoto wanavyosoma kila kibao.

Machi: daftari la matangi

Sehemu tunayoipenda kuliko zote. Lazaro aliondoka Jumanne mchana kwenda msibani Kongwa, akarudi Ijumaa usiku. Daftari aliliacha kwa Sele: asubuhi na jioni, joto na haidromita. Ukurasa unaonekana wote katika sura ya sita:

Jumatatu asubuhi 1080, jioni 1076
Jumanne asubuhi 1070, jioni 1066
Jumatano asubuhi 1059, jioni 1043
Alhamisi asubuhi 1027, jioni 1013
Ijumaa asubuhi 1003, jioni 997

Mwendo wenyewe hautii shaka. Kwa nyuzi 30 tangi linaweza kukimbia hivyo. Kosa liko kwingine: haidromita ya kiwanda ina mstari kila pointi mbili, na watu wa tangini husoma mstari ulio karibu. Kila namba yao ni shufwa. Kuanzia Jumatano namba zote ni witiri.

Zimetoka maabara. Haidromita imepimwa kwa nyuzi 20. Juisi ikiwa na joto la 30 husomeka chini ya uzito wake wa kweli, na mkemia huongeza pointi 2 hadi 3. Fundi wa matangi haongezi, anataka kujua tu kama inashuka. Tumaini alinakili mwendo wa tangi la msimu uliopita kutoka daftari la maabara, ambalo tayari limeongezwa 3, na shufwa kuongeza 3 ni witiri. Akachana ukurasa wa Sele, akauandika upya kwa mwandiko wa kuiga.

Tulifikiria kidokezo cha saa: watu wa tangini wanaandika "saa 2", wa maabara "20:00". Kimekataliwa. Kinaonekana kwa mbali mno, na mtu anayeiga mwandiko angeiga na saa.

Kwa nini Sele hakusema kwamba ukurasa si wake? Kwa sababu jioni ya Jumatano alisinzia, hakupima. Asubuhi akakuta mistari imejazwa, akadhani kuna mtu kamstahi. Tangu hapo akawa anapima, anamtajia Tumaini namba, naye anamwandikia. Tunapendelea uongo wa namna hii kuliko wa muuaji: mtu mwema anaficha aibu ndogo na kumfunika mhalifu bila kujua.

Na kwa nini aliyeshika mpira wa kumwagia Ijumaa jioni hakuonja akasikia utamu? Kwa sababu Tumaini alichagua wa kumsaidia: Sele, na mama mmoja mlokole. Hapo ndipo ile hali ya kutokunywa inapolipa.

Aprili: nyuki

Namba peke yake hazitoshi. Msomaji anahitaji kitu cha kuona. Mmiliki anaamuru makapi yatolewe Jumamosi hiyohiyo ya kifo, tangi likishapepewa. Anaonekana kama anafuta ushahidi, kumbe anaogopa siki. Makapi yanamwagwa nyuma ya kiwanda, na kufikia saa 10 alasiri nyuki wamejaa juu yake, wanatambaa juu ya maganda meusi hadi rundo linaonekana kama linapumua. Rundo la tangi namba mbili, lililokwisha kihalali, lipo hatua tano kutoka hapo. Lina vijinzi vya siki tu.

Mama Nyemo anaokota ganda moja, analitafuna, analitema kwenye kitambaa. Tamu.

Mambo matatu ya kulinda hapa. Nyuki hawaruki usiku, na jua la Machi Dodoma linazama kabla ya saa 1, kwa hiyo tukio lote liishe kabla. Makapi yakilala nje hadi kesho sukari inapungua na siki inaanza, kwa hiyo hawezi kurudi kuthibitisha. Lazima afunge kiasi kwenye chupa na kukiweka kwenye jokofu la soda la dukani. Na mvua isinyeshe alasiri hiyo. Hili la mwisho lilitulazimisha kuisogeza mvua ya kalavati hadi usiku wa Jumamosi, jambo ambalo limeiboresha sura ya saba: taarifa imeshapigwa wilayani, polisi wako njiani, ndipo njia inakatika.

Kidokezo cha akiba: mvinyo uliohamishiwa tangi namba tano. Wa 997 ungetulia. Huu unabubujika kwenye kizibo cha hewa, na umeme ukikatika, chumba kikiwa kimya, unasikika mpaka barazani.

Aprili: sauti za watu

Sura ya kumi na moja ilikuwa na hotuba ya Mama Nyemo ya ukurasa mzima. Imekatwa, imebaki hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Kati ya 1040 na 1050 haidromita yenu ina mistari mingapi?"

Sele akahesabu kwa kidole hewani. "Minne."

"Itaje."

"Arobaini na mbili, na nne, na sita, na nane."

"Hii arobaini na tatu uliisomea wapi?"

Kijana akayatazama matope kwenye raba zake. "Nilisinzia, mama," akasema. "Jumatano. Usimwambie mama yangu."

Haelezi maana ya witiri na shufwa. Msomaji aliyeangalia ukurasa ameshaelewa, na ambaye hakuangalia atarudi kuangalia.

Ofisa wa upelelezi tumempa heshima yake. Si mjinga, amefika siku mbili baadaye, ameonyeshwa tangi lililooshwa, na ripoti ya daktari inasema kukosa hewa, kwa sababu gesi hii haiachi alama yake maalumu mwilini. Kuandika ajali ya kazi ni jambo la busara kabisa kwa alichonacho mkononi. Anabadili mawazo akipewa chupa, madaftari mawili na haidromita.

Mei: hali ilivyo

Sura 14 kati ya 18 zimesimama. Bado:

Feni. Tumaini anadai aliipeleka kwa fundi. Inapatikana stoo ya Amcos ikiwa nzima, lakini hatujapata sababu ya kawaida ya mtu kufungua stoo hiyo Jumatatu. Pendekezo la sasa ni magunia ya salfa ya kupulizia ubwiri unga, ugonjwa wa mizabibu, ambayo baada ya mvua kubwa kila mkulima atayakimbilia.

Katibu wa Amcos anatiliwa shaka kwa sura mbili tu, kisha anasahaulika. Aongezewe deni kwa Lazaro, au aondoke.

Sura ya 16 inamfanya Tumaini akiri haraka mno. Mtu aliyepanga kwa namba abishe kwa namba: aseme haidromita ilikuwa mbovu. Jibu lake lipo tayari. Haidromita mbovu ingekosea tangu Jumatatu, na Mama Nyemo anaitumbukiza kwenye ndoo ya maji safi mbele ya wote, inasimama kwenye 1000.

Maji ya ndoo yawe ya ubaridi wa asubuhi, karibu nyuzi 20, la sivyo haitasimama hapo.